Saa Zilizomo Ndani ya Majina

Wapange wakimbiaji wa kulipwa wa Kenya kwa herufi ya kwanza ya jina la mwisho, kisha utazame jinsi herufi K inavyofura. Kamworor, Keino, Keitany, Kemboi, Kibet, Kimetto, Kipchoge, Kiplagat, Kiprop, Kipruto, Kipsang, Kiptum, Kipyegon, Kirui, Komen, Korir, Kosgei. Hao ni wale ambao mtu wa Nakuru anaweza kuwataja akingoja matatu ijae, bila kufungua kitabu chochote, na karibu kila mmoja ana wenzake kadhaa wa jina hilohilo. Ukitoka hapo nenda C: Chebet, Chelimo, Chepkoech, Chepngetich, Cherono, Cheruiyot. Herufi mbili zimebeba nusu ya utukufu wa nchi, na nyingine zinapitiwa na upepo.

Wamarekani wana desturi ya muda mrefu ya kuwapanga wachezaji wao wa besiboli kwa njia hii, kila aliyewahi kuingia uwanjani katika ligi kuu, kuanzia A hadi Z. Kwa miaka mingi aliyekaa juu kabisa alikuwa Hank Aaron, mtu mweusi wa Alabama aliyeivunja rekodi ya Babe Ruth tarehe 8 Aprili 1974. Ilipendeza kwamba mkubwa wa wapigaji ndiye pia wa kwanza kitabuni. Mwaka 2004 akaja mrushaji mpira aitwaye David Aardsma, na kwa kuwa d hutangulia o, Aaron akasogea chini nafasi moja. Mwisho wa kitabu alikaa Dutch Zwilling, mchezaji wa mwanzoni mwa karne ya 20, mpaka Tony Zych alipoingia ligini mwaka 2015 na kumpokonya nafasi ya mwisho. Herufi X iko tupu.

Ninaipenda haki ya orodha ya namna hiyo. Haiulizi nani alishinda. Aliyecheza siku moja akatoweka anakaa bega kwa bega na aliyecheza miaka 20, na hakuna wa kumwambia asogee. Lakini haki hiyo ilitungwa mahali ambapo majina yametoka pande zote za dunia na kutawanyika katika herufi zote. Huku kwetu, kuanzia miteremko ya Mau hadi Kericho, Nandi, Baringo na Elgeyo, majina yalipangwa kwa kanuni nyingine kabla karani yeyote hajafika na rejista yake, na orodha ya herufi inapoyapokea inayarundika mahali pamoja.

Sababu inajulikana na kila aliyekulia Bonde la Ufa. Miongoni mwa Wakalenjin jina la mtoto wa kiume kwa kawaida huanza na Kip- au Ki-, la mtoto wa kike na Chep-, Che- au Jep-. Habari yenyewe iko katika sehemu ya jina inayofuata. Anayepanga kwa herufi ya kwanza amegusa mlango tu, mwenye nyumba hajamwona. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalipompokea Kipchoge Keino katika miaka ya 1960 yalimkata jina likabaki Kip, na dunia ikamshangilia Kip Keino hadi Mexico mwaka 1968, alipotwaa dhahabu ya mita 1500, na Munich mwaka 1972, alipotwaa ile ya kuruka viunzi na maji. Kipande walichokibakiza ndicho anachoshirikiana na maelfu ya wanaume wa jamii yake, na walichokitupa ndicho alichopewa yeye.

Hata upande wa wanawake, herufi inategemea nani alishika kalamu na wapi. Wakipsigis kwa kawaida huandika Ch, Wanandi na Wakeiyo huandika J. Ruth Jebet, aliyeikimbilia Bahrain na kushinda dhahabu ya kuruka viunzi na maji huko Rio mwaka 2016, na Beatrice Chebet wetu wana jina moja. Ukiwapanga kwa herufi, kati yao wanapita watu wa D, E, F, G, H na I wote.

Kisha kuna neno arap, yaani 'mwana wa'. Kwa mila, kijana akishatoka jandoni huchukua jina la baba yake likiwa limevuliwa kile kipande cha mwanzo. Daniel Toroitich alikuwa mwana wa Kimoi, akawa arap Moi, na hivyo ndivyo Kabarak, hapa juu ya mji wetu wa Nakuru, ilivyokuja kujulikana kuwa nyumbani kwa Moi wala si kwa Kimoi. Rais wa sasa ni William Kipchirchir Samoei arap Ruto. Kwa mwendo huo mwana wa Kiplagat anaitwa Lagat, wa Kiprono anaitwa Rono, wa Kimutai anaitwa Mutai, wa Kipsang anaitwa Sang, wa Kibet anaitwa Bett. Baba yuko K, mwana yuko L, au R, au M. Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, yuko R. Bernard Lagat, mzaliwa wa Nandi aliyewaletea Wamarekani dhahabu mbili za dunia huko Osaka mwaka 2007, za mita 1500 na 5000, yuko L. Makarani wa serikali waliliacha neno arap njiani, majina yakabaki yamesimama peke yake kama ya Wazungu, na uhusiano uliokuwa wazi kwa kila mwenye masikio ukazama.

Ndugu nao hutengana. Christopher Kosgei alikuwa bingwa wa dunia wa kuruka viunzi na maji mwaka 1999. Mdogo wake aliitwa Stephen Cherono. Mmoja K, mwingine C, tumbo moja. Mwaka 2003 yule mdogo akachukua uraia wa Qatar na jina jipya, Saif Saaeed Shaheen, akahamia S, na mwaka huohuo jijini Paris akawa bingwa wa dunia katika mbio zilezile za kaka yake. Ndugu yao mwingine, Abraham Cherono, alikuwa kwenye fainali hiyo akivaa jezi ya Kenya. Tarehe 3 Septemba 2004 Shaheen aliweka rekodi ya dunia ya 7:53.63 mjini Brussels. Miaka saba baadaye, Monaco, Brimin Kipruto alimaliza kwa 7:53.64. Sehemu moja ya mia ya sekunde ilibaki kati ya S wa Qatar na K wa Kenya, na wote wawili walinyonya lugha moja.

Billy Konchellah, Mmaasai, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 1987 na 1991. Mwanawe Gregory alihamia Bahrain, akaitwa Yusuf Saad Kamel, na mwaka 2009 akawa bingwa wa dunia wa mita 1500. Huyo alibadili nchi, jina la kwanza, la kati na la mwisho, na bado herufi ikambakiza karibu na baba yake.

Lakini kisa kinachonirudia kila nionapo orodha ya matokeo ni cha Boston. Robert Cheruiyot alishinda marathoni ya Boston mwaka 2003. Akashinda tena mwaka 2006, na siku hiyo akaikata rekodi ya njia ile kwa sekunde moja tu, 2:07:14 badala ya 2:07:15 aliyoiweka Cosmas Ndeti mwaka 1994. Akashinda 2007. Akashinda 2008. Kisha mwaka 2010 Robert Cheruiyot akashinda Boston kwa saa 2:05:52 na kuivunja rekodi ya Robert Cheruiyot.

Hawa ni watu wawili. Hawakuwa ndugu. Ukiwapanga kwa jina la mwisho, wako pamoja; ukienda kwenye jina la kwanza ili kuwatenganisha, wako pamoja bado. Alfabeti imemaliza kazi yake yote na imeshindwa. Watangazaji na waandishi walilazimika kuuliza jina la katikati, lile ambalo kwa kawaida hukatwa likabaki herufi moja na nukta, na hata hiyo isingesaidia kitu, kwa maana wote wawili wangekuwa Robert K. Cheruiyot. Ilibidi jina liandikwe lote. Yule wa ushindi mara nne ni Robert Kipkoech Cheruiyot. Yule wa 2010 ni Robert Kiprono Cheruiyot.

Kipkoech ni mtoto aliyezaliwa kunapopambazuka. Kiprono ni mtoto aliyezaliwa mbuzi wakirudi nyumbani jioni. Basi yule wa alfajiri alikuwa na rekodi ya Boston, na yule wa jioni akaja kuichukua. Kilichowashinda A mpaka Z kilikuwa kimetatuliwa na wanawake wawili waliokuwa chumbani na akina mama waliojifungua, siku ambayo kila mmoja wa hao watoto alilia kwa mara ya kwanza: mmoja kulikucha, mmoja kulikuwa kunakuchwa.

Tangu nilipolielewa hilo nimekuwa nikiwapanga wakimbiaji wetu kwa saa. Si kazi ya mzaha kwangu. Ninaamini ndiyo orodha waliyopangiwa na waliowapenda kwanza, na msomaji wa Kiswahili hapaswi kuona ugumu wowote, kwa kuwa sisi wenyewe tunaanza kuhesabu jua likichomoza.

Kabla ya kukucha kabisa, wakati jogoo wa kwanza amewika na giza bado nene, yuko Kipkorir, na wana wa Kipkorir waitwao Korir. Kunapopambazuka wako Kipkoech na Chepkoech. Hapo anasimama Beatrice Chepkoech, aliyeruka viunzi na maji kwa 8:44.32 huko Monaco tarehe 20 Julai 2018 na kuifanya rekodi ya zamani ionekane ya kizazi kingine. Asubuhi yenyewe ni ya Kimutai na Chemutai: hapo wanakuja akina Mutai wawili, Geoffrey na Emmanuel, wasio ndugu, waliomaliza wa kwanza na wa pili New York mwaka 2011, na hapo anavuka mpaka Peruth Chemutai wa Uganda, Msabei kutoka ng'ambo ya Elgon, mwanamke wa kwanza wa nchi yake kutwaa dhahabu ya Olimpiki, jijini Tokyo mwaka 2021. Mpaka wa nchi uliwekwa na wapimaji. Asubuhi ni ileile pande zote mbili.

Jua likipanda kidogo ng'ombe hutolewa zizini. Hiyo ni saa ya Kipngetich na Chepngetich. Saa sita mchana ni ya Kibet na Chebet. Mchana huo una watu wengi: Luke Kibet, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2007; Emily Chebet, bingwa wa mbio za nyika mara mbili; Beatrice Chebet, ambaye nitamrudia. Yuko pia Evans Kiplagat Chebet, mshindi wa Boston mwaka 2022 na 2023, ambaye jina lake la katikati ni la magharibi na la mwisho ni la adhuhuri, kwa hiyo amebeba nusu nzima ya siku.

Mbuzi wakirudi ni Kiprono na Cherono. Jua likizama ni Kiplagat na Chelagat, na hapo utawakuta Edna Kiplagat, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na 2013, na Florence Kiplagat, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya nusu marathoni, na Lornah Kiplagat, aliyeikimbilia Uholanzi. Giza likishika ni Kipkemboi na Chepkemboi: Ezekiel Kemboi, dhahabu mbili za Olimpiki na nne za dunia, mtu wa usiku aliyekuwa akicheza ngoma mbele ya umati. Na watu wote wakishalala, anazaliwa Cheruiyot. Vivian Cheruiyot alishinda mita 5000 za Rio kwa 14:26.17, na wanaofahamu maana ya jina walijua kwamba aliyezaliwa wakati wa usingizi alikuwa amewaamsha wote.

Si kila jina lina saa. Kiprop na Cherop waliletwa na mvua. Kiptoo na Jeptoo walizaliwa nyumbani kukiwa na wageni. Kipruto alizaliwa mama akiwa safarini. Wilson Kiprugut, mtu wa Kericho aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 jijini Tokyo mwaka 1964, alibeba njaa ndani ya jina lake, kwa kuwa rugut ni njaa. Nchi yetu haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, na wa kwanza kupanda jukwaani alikuwa mtoto aliyepewa jina la mwaka mbaya.

Najua pia kwamba jina la mwisho mara nyingi ni la baba, au la mume, au la babu, na saa iliyomo ndani yake si saa ya aliyelivaa. Lakini hilo linanifurahisha zaidi. Maana yake ni kwamba mtu anakimbia akiwa na asubuhi ya mtu mwingine mgongoni, mtu ambaye labda hakuwahi kuona uwanja wa riadha maishani mwake.

Gogo mmoja, yaani bibi, wa upande wa Molo, tulipokuwa tukizungumza habari hizi, hakuniuliza naitwa nani. Aliniuliza, "Wewe mwanangu, mama yako alikupata saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Cheti changu cha kuzaliwa kina tarehe, wilaya na muhuri, na saa haimo.

Naandika haya nikiwa Nakuru, na hapa jambo hili halina budi kuwa zito. Mji huu ni wa herufi zote. Katika darasa la kawaida la Nakuru mwalimu anaita Achieng, Barasa, Chebet, Kamau, Kiprono, Mwangi, Nafula, Njoroge, Otieno, Wanjiru, na sauti zinaitika kutoka madawati yanayogusana. Nakuru All Stars ilikuwa bingwa wa kwanza wa ligi ya soka ya taifa, mwaka 1963, na Ulinzi Stars, timu ya jeshi iliyoufanya uwanja wa Afraha kuwa kwao, ilitwaa ligi mara tatu mfululizo kuanzia 2003. Timu zote mbili zilisajili kutoka kila pembe ya nchi. Tumezoea kusikia majina yote. Lakini tumezoea vilevile kuyasikiliza kwa namna ya pili, tukitega sikio kwenye herufi ya kwanza ili kujua mtu ni wa wapi.

Mwishoni mwa Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, usikivu huo ulifika mwisho wake hapa mjini. Barabara zilifungwa kwa mawe na matairi, na vijana wakataka vitambulisho. Hawakutaka kuona picha. Walitaka jina la mwisho. Walikuwepo waliotafuta K na C, na umbali mfupi mbele walikuwepo waliotafuta M, N na W, na O. Uwanja wa maonyesho ya kilimo ukajaa mahema ya watu waliofukuzwa Kuresoi, Molo na mbali zaidi. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote. Wakimbiaji walikuwemo. Lucas Sang, aliyeiwakilisha Kenya katika mbio za kupokezana vijiti huko Seoul mwaka 1988, aliuawa Eldoret usiku wa kuamkia mwaka mpya. Wesley Ngetich, mshindi mara mbili wa marathoni ya Grandma's huko Minnesota, aliuawa kwa mshale Trans Mara wiki tatu baadaye. Sang ni nje ya nyumba. Ngetich ni saa ya ng'ombe kwenda malishoni.

Ukipanga kwa saa, majirani wanabadilika. Mchana wa Chebet ni mchana wa Achieng na Ochieng, ambao Waluo huwapa jina jua likiwaka. Usiku wa Kipkemboi ni usiku wa Otieno na Atieno. Asubuhi ya Kimutai iko pamoja na Okinyi. Mvua iliyomleta Kiprop ndiyo iliyomleta Okoth, na ndiyo iliyomleta Wafula kwa Wabukusu, ambao pia wana Wekesa wa mavuno na Wanyonyi wa msimu wa palizi. Emmanuel Wanyonyi alishinda mita 800 za Olimpiki jijini Paris tarehe 10 Agosti 2024 kwa 1:41.19, na jina lake linanuka udongo wa shamba la mahindi la Trans Nzoia. Waswahili wa pwani wana Juma na Khamisi, Rajabu na Shabani. Mtanzania Juma Ikangaa, aliyemaliza wa pili Boston miaka mitatu mfululizo na kushinda New York mwaka 1989, ana Ijumaa mbele ya jina lake, ingawa orodha zinamtafuta kwa I.

Wakikuyu hawapimi saa, wanapima watu. Mtoto wa kwanza wa kiume ni babu mzaa baba amerudi, wa pili ni babu mzaa mama. Kwa hiyo Samuel Kamau Wanjiru anatusimamisha. Wanjiru ni jina la kike, jina la mmoja wa mabinti wa Gikuyu na Mumbi, na yeye alilibeba kwa sababu lilikuwa jina la mama yake, aliyemlea peke yake Nyahururu. Miezi saba baada ya vizuizi vile vya barabarani, tarehe 24 Agosti 2008, katika joto la Beijing, alikimbia kwa 2:06:32 na kuipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni katika Olimpiki. Siku hiyo jina la mwanamke wa Nyahururu lilipigwa kwenye ubao wa matokeo na kusomwa duniani kote. Mtu wa takwimu ataliweka W, jirani na Wanyonyi. Herufi moja, lakini la kwanza ni mama na la pili ni palizi. Wanjiru alifariki Mei 2011, akiwa na umri wa miaka 24.

Rundo la K na C lina dhara jingine, na hili linaendelea hadi leo. Rita Jeptoo alipopigwa marufuku kwa kutumia EPO, walikuwepo nje waliomtazama Priscah Jeptoo kwa shaka, ilhali Priscah, mshindi wa London na New York mwaka 2013, hakuwa na kosa lolote isipokuwa kuzaliwa katika jamii ambayo wageni wakiwa nyumbani mtoto wa kike huitwa hivyo. Mwaka 2025 Ruth Chepngetich, aliyekuwa wa kwanza miongoni mwa wanawake kukimbia marathoni chini ya saa 2:10, alifungiwa miaka mitatu. Chepngetich ni jina la kati la Faith Kipyegon. Kila Mkenya makini lazima akasirike anaposikia mgeni akisema kwamba majina yao yote ni yaleyale. Si yaleyale. Yamekatwa vibaya, na anayekata si mgeni peke yake: nimeona karatasi za matokeo ya mashindano ya shule, hapahapa kaunti yetu, ambamo msichana ni herufi moja, nukta, na jina la baba yake. Ninaomba, na ninaomba kwa moyo wote, kwamba walimu wa michezo wa Nakuru waandike majina matatu. Wino hauishi kwa sababu hiyo.

Faith Chepngetich Kipyegon anatoka Keringet, Kuresoi Kusini, kule juu ambako barabara ya Molo inapanda kwenda Olenguruone na baridi ya asubuhi inauma vidole. Alikuwa na miaka 14 wakati Kuresoi ilipokuwa ikiwaka. Mwaka 2011 alikuwa bingwa wa dunia wa vijana katika mbio za nyika, akikimbia bila viatu. Tangu hapo ana dhahabu tatu za Olimpiki za mita 1500 na nne za dunia, na kifuani huandikwa KIPYEGON, kwa hiyo orodha zote zinamweka K, katika umati. Jina alilopewa yeye mwenyewe halionekani.

Tuseme tumwite kwa hilo alilopewa. Anatoka K, anaingia C, na hapo herufi na saa zinakubaliana angalau mara moja, kwa kuwa wanawake watatu wa kusini mwa Bonde la Ufa wanakaa karibu: Chebet, Chepkoech, Chepngetich. Kwa saa wanafuatana hivi. Kunapopambazuka, Beatrice Chepkoech, na ile 8:44.32 yake ya kuruka viunzi na maji. Ng'ombe wakitoka zizini, Faith Chepngetich, mita 1500 kwa 3:48.68 na maili moja kwa 4:07.64. Jua likiwa utosini, Beatrice Chebet, mita 10,000 kwa 28:54.14, na mita 5000 kwa 13:58.06, mwanamke wa kwanza kuzikimbia chini ya dakika 14, huko Eugene tarehe 5 Julai 2025, siku ileile na katika uwanja uleule ambamo Faith aliivunja rekodi yake mwenyewe ya mita 1500. Hizo ni rekodi tano za dunia, na mwaka 2025 ulipoisha zote tano zilikuwa bado zao, kuanzia mapambazuko hadi saa sita mchana.